Mshenga wa Elektroni

Katika maabara ile kila mtu alikuwa na jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Profesa walimwita Mzee Mtikiso, kwa sababu hakuwahi kumaliza mhadhara bila kutaja mtikisiko wa atomi, na kila alipoutaja viganja vyake vilitetemeka hewani kana kwamba anapepeta nafaka. Kijana aliyekuwa akimalizia shahada yake ya uzamivu, mwenye vidole vyembamba vya kubandika nyaya nyembamba kama unywele, alikuwa Kaka Waya. Fundi mitambo, mama wa makamo aliyeilinda mitungi ya gesi kama kuku anavyolalia mayai, alikuwa Mama Gesi. Na binti aliyejiunga mwisho, mpole, wa kuongea huku akitazama viatu vyake, walimbatiza Kitindamimba. Jina lenyewe refu, halifai kumwitia mtu aliye upande wa pili wa pampu inayonguruma. Wakalikata, likabaki Kitinda.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwao alikuwa kifunguamimba. Huko aliitwa Dada, na alikuwa Dada kweli: aligawa nyama, aliamua nani aingie bafuni kwanza, alimaliza ugomvi wa rimoti kwa kuinyanyua tu akaondoka nayo. Lakini akivuka mlango wa maabara, udada wote aliuacha nje pamoja na mwavuli.

Wanne hao walikuwa wapishi. Si wapishi wa chakula, ingawa chakula nacho kina sehemu yake katika habari hii, bali wa vidonge vyeusi. Kitinda ndiye aliyepima unga wa madini, ule mweupe na ule mweusi wa shaba, akausaga katika kinu kidogo mpaka bega likamwaka moto, akaushindilia kwenye mashine ukawa kidonge bapa, kisha kidonge kikaingia tanurini. Kikitoka kilikuwa cheusi tii, hakina mvuto wowote. Ukikidondosha njiani hakuna atakayeinama kukiokota.

Lakini ukikizamisha katika nitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, kidonge kile kilibadilika tabia. Umeme ulipita ndani yake bila kusumbuliwa na chochote. Haukupotea, haukuchoka, haukutoa joto. Sumaku ndogo ukiiweka juu yake haikutulia. Ilijiinua ikaelea, na ukiigusa kwa ncha ya kijiti inazunguka kama mtoto asiyetaka kuitwa ndani. Siku Kitinda alipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza aliinama mpaka pua yake ikaguswa na ule moshi wa baridi, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini?" Kaka Waya alimjibu kwamba kama yeye angejua kwa nini, asingekuwa bado mwanafunzi kwa umri wake.

Hilo ndilo lililokuwa swali la maabara nzima. Nyumbani, mama yake alipomuuliza anashinda akifanya nini huko, Kitinda alilieleza hivi. Umeme ni elektroni zinazotembea. Elektroni hazipendani, kila moja inamsukuma mwenzake. Ndani ya kidonge kilichopozwa, hata hivyo, zinaacha ugomvi, zinatembea mbili mbili, na zikishatembea mbili mbili hakuna kinachozikwaza. Sasa nani anazikutanisha? Katika metali za zamani, zile zinazohitaji baridi kali kupita kiasi, mshenga alishajulikana: ni atomi zenyewe, mtikisiko wao ndio unaopeleka salamu kutoka elektroni moja kwenda nyingine. Vidonge vyeusi vinafanya maajabu yaleyale katika baridi nafuu zaidi, na mshenga wao hajulikani. Mzee Mtikiso alisema ni mtikisiko uleule. Wengine, na ni wengi, walisema ni sumaku zilizojificha ndani ya shaba. Mabishano yalianza Kitinda hajazaliwa.

"Harusi imeshafanyika na mshenga hamjamwona?" mama yake aliuliza.

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi hiyo si kazi, huo ni umbea." Lakini tangu siku hiyo, kila baada ya muda, aliuliza kama ameshaonekana.

Mtego waliomtegea mshenga ulikuwa mwepesi kueleza. Ipo oksijeni ya kawaida, na ipo oksijeni nzito, ambayo inafanana na mwenzake kwa kila kitu isipokuwa uzito. Kidonge kimejaa oksijeni. Ukiiondoa ile ya kawaida ukaweka nzito, atomi zitatikisika polepole zaidi, kama springi iliyobebeshwa mtu mnene. Kama mtikisiko ndio mshenga, basi kazi yake itazorota, na kidonge kitahitaji baridi zaidi kabla ya kukubali. Kama mshenga ni mwingine, uzito hautamshughulisha.

Kwa hiyo Kitinda alikata kidonge kimoja nusu kwa nusu, wakawapata wale waliowaita mapacha. Tanuri lao lilikuwa refu, la mlalo, na ndani yake yalipita mabomba mawili ya kauri sambamba. Pacha mmoja aliingia bomba moja na oksijeni nzito, mwenzake bomba la pili na oksijeni ya kawaida. Walichomwa pamoja, wakapozwa pamoja polepole, kwa maana ni katika kupoa huko ndipo oksijeni hujipenyeza na kukaa mahali pake. Wakitoka, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Ndiyo maana Mzee Mtikiso, baada ya mapacha fulani kuchanganywa na kazi nzima kutupwa, alipanda kwenye kiti akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: MZITO KUSHOTO, MWEPESI KULIA. Tangu hapo haikutokea hata mara moja kwamba mtu akawachanganya. Amri ile ilikuwa fahari yake. Wageni walionyeshwa kabla hata ya kuonyeshwa tanuri.

Na sasa mtego ulikuwa umenasa. Mapacha wazito wote walihitaji baridi zaidi kuliko wenzao, tofauti ya nyuzi joto karibu mbili. Maabara nyingine, zilizopima vidonge vya aina hiihii, ziliripoti tofauti ndogo mno, ya kutafutwa kwa tochi. Mzee Mtikiso hakutembea siku zile, alielea kama ile sumaku. Wiki iliyofuata angesafiri kwenda kwenye mkutano wa wataalamu, na kwenye ukurasa wa kwanza wa mada yake, chini ya jina lake, alikuwa ameandika jina halisi la Kitinda kwa sababu vidonge vilikuwa vya mkono wake. Kitinda alilisoma jina lile mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Mtu akiingia, alijifanya anatafuta kalamu.

Hapo ndipo chakula kinapoingia.

Mgongo wa tanuri lile ulikuwa bapa na wenye joto la kutosha, na ingawa bango mlangoni lilikataza kula na kunywa, kila mchana makopo manne ya bati yalipangwa juu yake ili yapate moto, kisha yakapelekwa kuliwa kwenye chumba cha mikutano. Mpango wake ulifuata ukubwa, bila ya mtu yeyote kuutangaza. La Mzee kulia kabisa, kisha la Mama Gesi, kisha la Kaka Waya, na la Kitinda mwisho, kushoto. Lake halikupata moto hata siku moja. Wenzake walifungua vifuniko mvuke ukawapiga usoni. Yeye alifungua akakuta mafuta yameganda juu ya mchuzi kama barafu ya dimbwi. Alidhani ni kopo lake. Akanunua jingine. Halafu akadhani ni kawaida ya kitindamimba, akala chakula chake vuguvugu kimya. Kaka Waya alimtania kwamba ni upole wake ndio unaopoza wali.

Jioni moja mama yake alilitikisa kopo, akasikia kinachotikisika ndani, akaketi.

"Mwanangu, niambie tu. Mchuzi wangu siku hizi una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Hauna kitu, na kila siku unarudi nusu."

Mdogo wake, aliyekuwa akisuka nywele mbele ya kioo, alidakia kwamba labda Dada amepata wa kumlisha huko kazini. Mama alimwambia asuke kwa mikono, si kwa mdomo. Kitinda alitazama viatu vyake, akakumbuka kwamba yuko nyumbani, akainua uso.

"Unapoa, mama. Mafuta yanaganda."

"Si ulisema mnapasha juu ya tanuri?"

"Tunapasha."

"Na vya wenzako?"

"Vya wenzangu ni moto. Cha Mzee mpaka kishikwe kwa kitambaa."

"Sasa tanuri lilelile, saa ileile, wao waungue vidole na wewe ule baridi? Wanakuonea?"

"Hawanionei. Kila mtu ana nafasi yake, na mimi nafasi yangu ni mwisho, kushoto..." Kijiko alichokuwa akikiosha kikateleza kikaanguka ndani ya beseni. Mama yake alidhani ni machozi yanakuja, akaanza kusema kwamba mtu akionewa lazima aseme, na kwamba hata ng'ombe hulia. Kitinda hakuwa analia. Alikuwa akirudia neno moja kwa midomo tu, bila sauti. Kushoto.

Kesho yake alikwenda kazini kabla wafagiaji hawajamaliza korido. Tanuri lilikuwa likipoa, lina vidonge vya majaribio vya Kaka Waya. Alijaza maji makopo mawili kutoka bomba moja, akaweka moja kulia na moja kushoto, akaketi katikati kama mwamuzi. Hakutaka iwe kweli. Alitaka pia kujua, na mambo haya mawili yalimvuta kila moja kwa mkono wake. Alipochovya kidole kulia alikitoa haraka. Kushoto alikiacha humo mpaka Mama Gesi alipoingia akamkuta vile, kidole ndani ya kopo.

Mama Gesi hakuuliza maswali mengi. Tanuri lilikuwa na kipimajoto kimoja tu, na kilikaa bomba la kulia. Alichukua kingine kutoka kabatini, akakipenyeza bomba la kushoto, na wote wawili wakasimama wakiangalia namba. Kadiri tanuri lilivyoendelea kupoa, kushoto kulitangulia. Koili za upande ule, zile nyaya zinazotoa joto, zilikuwa zimezeeka.

"Mtoto," Mama Gesi alisema taratibu, "sasa nani atamwambia baba yenu?"

Maana wote wawili waliona mara moja kosa lilipo. Oksijeni huingia kidongeni wakati wa kupoa. Upande unaopoa mapema, mlango unafungwa kabla wageni wote hawajapata viti. Kidonge kinatoka kina njaa, na kidonge chenye njaa ya oksijeni, kiwe kizito kiwe chepesi, huhitaji baridi zaidi. Mapacha wazito wote, bila kukosa hata mmoja, walipita kushoto. Amri ya ukutani ilihakikisha hivyo. Hata mizani ilishawadokeza: pacha mzito aliongezeka uzito pungufu kidogo ya walivyotarajia, nao wakajisemea kwamba ni mabaki ya oksijeni ya zamani, wakasonga mbele. Je, nyuzi zile mbili zilitokana na uzito au na njaa? Hakuna aliyeweza kusema. Na oksijeni nzito iliyobaki katika mtungi mdogo wa Mama Gesi ilitosha mpiko mmoja tu.

Kitinda alijaribu kupanga maneno njia nzima ya korido. Alipofika mlangoni kwa Mzee Mtikiso, ambapo suti ya safari ilikuwa imening'inizwa bado iko kwenye nailoni ya dobi, maneno yote yalikuwa yameisha. Aliamkia, akaitikiwa, akasimama. Kisha akayaweka yale makopo mawili ya maji mezani, juu ya karatasi za mkutano.

"Mzee, naomba ushike."

Mzee Mtikiso alicheka, akashika la kwanza, akasema ni moto. Akashika la pili.

"Hili la nani?"

"La nafasi yangu. Ya kushoto."

Mkono wa mzee ulibaki juu ya kopo lile. Kitinda aliona uso wake ukibadilika polepole, kuanzia macho kwenda chini, na akajua kwamba hatahitaji kueleza. Jambo hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angelazimika kueleza.

"Tangu lini?"

"Tangu nije."

"Umekula chakula vuguvugu muda wote huo, na hukusema?"

"Nilidhani ni chakula tu, Mzee."

"Lo." Alivua miwani. "Hakikuwa chakula tu."

Kaka Waya, aliyeitwa na Mama Gesi, aliingia na hoja zake mkononi. Alisema mkutano ni wiki ijayo. Alisema gesi iliyobaki itumike kama ilivyopangwa, kupika mapacha wengine kwa utaratibu uleule, Mzee aende na matokeo manono, na wenye mashaka wakayajaribu wenyewe kwao. Alisema haya kwa heshima, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebandika nyaya zile zote, na mgongo ulikuwa ukimuuma. Mzee Mtikiso alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Kitinda.

"Wewe binti yangu ungefanya nini?"

Kitinda alitazama viatu. Vilikuwa na unga mweupe kwenye ncha, kama kawaida.

"Ningewabadilisha. Mapacha wapya, mzito aende kulia, mwepesi kushoto. Mengine yote yabaki vilevile. Kama ni mtikisiko, tofauti itahama pamoja na mzito. Kama ni tanuri, itabaki kushoto."

"Na ikibaki kushoto, jina lako kwenye karatasi hii?"

"Litafutika, Mzee. Naomba tujue tu."

Mzee Mtikiso aliitazama suti mlangoni kana kwamba ni mtu wa tatu anayestahili kuulizwa. Halafu alimwambia Mama Gesi ahamishe paipu ya gesi kutoka kushoto kwenda kulia.

Kazi ile iliwachukua siku kadhaa. Kitinda alisaga unga mpaka Kaka Waya, ambaye alikuwa amenuna, akampokonya mchi akasaga yeye. Alisema kununa kwake si sababu ya bega la mtu mwingine kuumia. Kidonge kilikatwa. Pacha mzito akaenda kulia, na kila mtu aliyepita chini ya maandishi mekundu aliyatazama kwa jicho la wizi. Mama Gesi alifungua koki ya mtungi mdogo mpaka mshale ukalala kwenye sifuri, akaufunga, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyopigwa mgongoni mtu anayeondoka.

Siku ya kupima walikuwa wote wanne chumbani. Kaka Waya alibandika nyaya nne kwa matone ya rangi ya fedha, akipuliza kila tone likauke. Waliteremsha kidonge ndani ya chupa ya nitrojeni, kidogo kidogo, na kwenye skrini mstari unaoonyesha jinsi umeme unavyokwazwa ulianza kutembea. Mstari ule huenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ukishuka taratibu, halafu ghafla hudondoka mpaka sifuri, na hapo ndipo elektroni zimeanza kutembea mbili mbili. Swali lilikuwa moja tu: utadondokea wapi?

Pacha mzito alidondoka karibu palepale walipozoea kudondoka wepesi. Kaka Waya alimtoa, akamweka mwepesi, aliyepikwa kushoto. Mstari ulitembea, ukapita mahali pa kawaida, ukaendelea kutembea. Mzee Mtikiso aliketi kabla haujadondoka. Ulipodondoka, ulikuwa umechelewa zaidi ya nyuzi moja nzima.

"Basi ni tanuri," alisema.

Mama Gesi alizima pampu. Mzee Mtikiso alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai, akifuta mahali palepale. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyepigiwa hodi, akakimbilia mlangoni, akakuta ni upepo. Kitinda alitamani kumshika mkono. Kwa kuwa hakuthubutu, alifanya alichokizoea nyumbani wengine wakiumia: alianza kupanga vitu. Alikwenda ubaoni, akaandika matokeo yote manne, ya zamani na ya leo, ili angalau yakae vizuri. Mzito wa kushoto, mwepesi wa kulia. Mzito wa kulia, mwepesi wa kushoto.

Alirudi nyuma hatua. Chaki ikabaki hewani.

Siku zote walikuwa wamelinganisha pacha na pacha, yaani kushoto na kulia, na sasa walijua kwamba huko ni kulinganisha mwenye njaa na aliyeshiba. Lakini sasa, kwa mara ya kwanza, ubaoni walikuwepo wawili walioshiba, mzito na mwepesi. Na walikuwepo wawili wenye njaa, mzito na mwepesi. Alitoa namba moja kutoka nyingine kwa upande wa kulia: karibu hakuna kitu, tofauti ya kutafutwa kwa tochi, kama walivyosema wale wa maabara nyingine. Akatoa za kushoto. Akatoa tena, kwa kuwa hakuyaamini macho yake.

"Mzee, tusilinganishe vile," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Ilikuwa sauti ya Dada. "Kulia na kulia. Kushoto na kushoto. Tazama."

Mzee Mtikiso alivaa miwani.

"Walioshiba hawajali uzito," alisema Kitinda. "Wenye njaa wanajali. Hapa kuna tofauti ya nusu nyuzi. Hiyo haitokani na upande, wote wawili wamepikwa kushoto."

Mzee alisimama. Alikwenda ubaoni akasogeza uso karibu na namba, kama mtu anayesoma maandishi madogo ya dawa. Kaka Waya naye alisogea. Mzee aliuliza swali moja, polepole, na alikuwa akimuuliza Kitinda kweli, si kumpima.

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," alisema Mzee Mtikiso, na viganja vyake vikaanza kutetemeka hewani. "Miaka yote hii nimeuliza kama ni mtikisiko au si mtikisiko. Sikuwahi kuuliza ni wakati gani."

Kaka Waya alikumbusha, na ilikuwa haki yake kukumbusha, kwamba huenda kushoto hakukupoa sawasawa mara zote, na nusu nyuzi ile ikawa uongo mwingine wa tanuri. Kitinda alikubali. Ingebidi wapike mapacha wenye njaa kwa makusudi, wa njaa ndogo na wa njaa kubwa, wote upande mmoja, kwenye tanuri lenye koili mpya na vipimajoto viwili. Ingebidi pia wapate gesi. Mama Gesi alisema yeye mtungi wake ni mtupu na hana uchawi. Mzee Mtikiso alisema huko mkutanoni hatakwenda kutangaza, atakwenda kuomba. Atawaonyesha picha ya amri yake ukutani wacheke, kisha atawaonyesha ubao huu, na mwenye oksijeni nzito ya akiba ajitokeze. Alichukua karatasi ya mada, akakifuta chote kichwa cha mada hiyo. Jina la Kitinda hakuligusa, ila alilisogeza juu kidogo, likawa sambamba na la kwake.

Mchana ule makopo yalipangwa juu ya tanuri kama kawaida. Kitinda alifika wa mwisho. Alisimama, akayatazama, kisha akasukuma la Mzee kidogo, akasukuma la Mama Gesi kidogo, akaingiza lake katikati yao. Hakuomba ruhusa. La Kaka Waya likasukumwa mpaka kushoto kabisa, na mwenyewe alipolifungua baadaye kwenye chumba cha mikutano aliutazama mchuzi wake kwa muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa unakula hiki?" alisema. Halafu, bila utani wowote, akamsogezea kipande chake cha nyama.

Jioni mama yake alilipokea kopo mlangoni, akalitikisa karibu na sikio. Hakuna kilichotikisika. Akafungua kifuniko, akaangalia ndani, akamwangalia binti yake.

"Leo nani kala?"

"Mimi, mama. Ulikuwa moto."

"Ulisema?"

"Nilisema."

Mama yake alikwenda na kopo jikoni, akaanza kuliosha. Kisha akauliza kwa sauti, bila kugeuka, kana kwamba ni jambo limempitia tu kichwani, "Na yule mshenga wenu?"

"Bado hatujamwona." Kitinda alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwavuli bado uko mkononi. "Ila leo kuna nyayo. Kwenye nyumba zilizoshiba hazionekani. Kwenye nyumba zenye njaa zinaonekana."

"Za huyohuyo mnayemshuku?"

"Huenda ni zake. Huenda kuna mwingine, na huyu anamsindikiza tu."

Mama yake aligeuka, mikono ikidondosha povu sakafuni.

"Sasa kwa nini aonekane kwa wenye njaa tu?"

Kitinda akauweka mwavuli chini, akavuta kiti, akaketi.

"Hilo mama," alisema, "ndilo ninalotaka kujua."